Maporomoko Hayalipi Mshahara

Kila nikirudi nyumbani Webuye, hakosi mtu wa kunitangazia wokovu: utalii. Ati tuna maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia. Ati tuna Chetambe, mahali Wabukusu walipopigana na Waingereza 1895. Tujenge hoteli, wageni waje na kamera, mji utaamka.

Hebu tulieni kidogo.

Webuye haikukuzwa na mandhari. Ilikuzwa na karatasi. Kiwanda cha Pan Paper kilipoanza miaka ya 70, kilileta mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Mkulima aliuza miti, dereva akabeba magogo, mama wa hoteli akapikia watu wa shifti ya usiku. Ndiyo, kilinuka. Moshi wake ulikula mabati. Lakini kilipofungwa 2009, hewa ikawa safi, na sufuria pia zikawa safi. 2016 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Mji haujarudi ulivyokuwa.

Sasa tunaambiwa pengo hilo lizibwe na mtu anayekuja Jumamosi, anapiga selfi, ananunua soda moja, na jioni yuko njiani kurudi Eldoret.

Utalii naujua kwa mgongo wangu. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilibeba trei kwenye hoteli moja huko Pwani. Disemba tulikimbizana usiku na mchana. Januari tukaambiwa, "Asanteni, tutawapigia." Bado nangoja simu. Na hiyo ni Pwani, yenye bahari, ndege na jina. 2020 corona ilipokuja, hata huko mahoteli yalifunga milango. Nabuyole ingesimama na nini?

Sikatai wageni, jamani. Chetambe lazima itunzwe, hata asipofika mtalii mmoja, kwa sababu watu wetu walifia pale. Lakini utalii ni chumvi. Inakoleza mboga, sawa, ila sijaona mtu aliyeshiba chumvi. Ugali ni kiwanda, ni bei nzuri ya mahindi na miwa, ni kazi isiyojua msimu.

Kwa hivyo kiongozi akija na hiyo stori, muulize maswali matatu. Kazi ngapi? Za miezi mingapi kwa mwaka? Na shamba lililo kando ya maporomoko liko kwa jina la nani?

Akianza kukuonyesha picha, jibu umeshapata.