Ajali za Mjengo: Kudura au Uzembe?

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Kibarua wa mjengo anapoporomoka kutoka ghorofa ya nne mtaani Kariobangi, methali hiyo hutamkwa, watu wakatikisa vichwa, na kazi ikaendelea kesho yake. Hata hivyo, anayezichunguza ajali hizi kwa makini atang'amua kwamba nyingi zina chanzo, na chanzo hicho si kudura.

Kariobangi, Kaskazini na Kusini, ni mitaa inayokua kwenda juu. Nyumba za chini hubomolewa ili kupisha maghorofa katika ploti finyu, na mwenye ploti hutaka kodi ianze kuingia upesi. Haraka hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Kiunzi hufungwa kwa miti na misumari iliyokwisha kutumika mara kadha wa kadha. Kingo za slebu huachwa wazi. Kibarua hupanda na karai la zege begani bila kofia ngumu wala buti. Mnamo Januari 2006, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Nairobi liliporomoka na kuwaua zaidi ya watu 10. Ilidhihirika siku hiyo kwamba haraka haina baraka.

Aidha, ipo kasoro katika namna ya kuajiri. Mwenye ploti humpa kazi kontrakta, kontrakta humpa fundi, naye fundi huwachukua vibarua langoni alfajiri. Kibarua akiumia, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Anayelipwa kwa siku naye hathubutu kukataa kupanda kiunzi kinachoyumba, kwani wapo wengine langoni wanaoingoja nafasi yake.

Je, sheria imenyamaza? La hasha! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka uo huo, inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima, na dai sharti liwasilishwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Ni vibarua wangapi wanaoyajua haya?

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wapenzi wa Kiswahili. Sheria hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali amri za mjengo hutolewa kwa Kiswahili na Sheng. Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini hadhi hiyo haijafika kwenye lango la mabati ambapo kibarua husubiri kazi. Mtu hawezi kudai haki asiyoweza kuisoma.

Ni kweli kwamba tafsiri pekee haitaimarisha kiunzi. Wakaguzi wa serikali sharti wafike mitaani kabla ya maafa, si baada yake, na mwenye ploti awajibike pamoja na kontrakta. Lakini vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuzifasiri sheria hizi kwa lugha nyepesi na kuzibandika kila penye ujenzi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ni kujua. Methali ya wahenga haikukusudiwa kuwa ngao ya wazembe.