Bibi anataka vidonge, siyo gemu

Haya wadau, leo nina hasira. Juzi kwenye majadiliano ya darasa jamaa mmoja kasimama akasema wagonjwa wa presha wanaosahausahau wapewe programu za kompyuta za kunoa kumbukumbu. Watu wakapiga makofi!

Mimi nikamkumbuka bibi yangu hapa Msalato. Ana presha, na siku hizi anatia chumvi kwenye mlenda mara mbili halafu anauliza nani katia. Mwezi uliopita alirudi kutoka zahanati bila kupimwa, eti kipimo kimeisha betri. Betri jamani!

Sisi wa ualimu tunalijua hili: ukikariri maswali ya mitihani iliyopita unakuwa bingwa wa maswali hayo tu. Gemu ya kadi nayo hivyo hivyo, funguo za nyumba bado utazipoteza. Wenye Lumosity kule Marekani walikubali kulipa dola milioni 2 mwaka 2016, baada ya serikali kuwashtaki kwa matangazo ya kudanganya kwamba gemu zao huzuia akili kupungua uzeeni.

Kinachoharibu vimishipa vya ubongo ni presha yenyewe. Utafiti wa SPRINT MIND wa 2019, wenye watu zaidi ya 9,000, ulionyesha kuwa walioshushiwa presha kwa lengo la chini ya 120 walipungukiwa na hatari ya dalili za mwanzo za kupoteza kumbukumbu kwa asilimia 19, kuliko wa lengo la chini ya 140. Kwa ugonjwa wenyewe matokeo hayakuwa ya uhakika, nakubali. Lakini gemu?

Jumatatu nampeleka bibi tena. Betri nimeshanunua.