Somo la mawasiliano literemke hadi shambani

KILA mwaka familia za wakulima na wafanyabiashara wadogo huuza mahindi, ng'ombe na hata viwanja ili vijana wao wasome uhandisi chuo kikuu. Huo ni mtaji mkubwa, na mwenye mtaji ana haki ya kuuliza: kijana anafundishwa nini huko, na elimu hiyo itamrudia vipi aliyemsomesha?

Moja ya masomo ya msingi kwa wanafunzi wa uhandisi wa umeme na elektroniki ni mifumo ya mawasiliano. Kiini chake ni kuutoa ujumbe hapa na kuufikisha kule bila kuharibika. Kuna mtumaji, njia na mpokeaji, na njiani kuna adui ambaye wahandisi humwita kelele. Hiyo si kelele ya disko, bali ni vurugu za umeme na za mawimbi mengine zinazouchafua ujumbe.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kila njia ina kikomo cha ujumbe inaoweza kupitisha kwa sekunde bila makosa. Kikomo hicho hutegemea upana wa njia na nguvu ya ujumbe ikilinganishwa na kelele. Mwenye lori anaielewa hoja hiyo bila hesabu, kwani barabara nyembamba yenye mashimo haipitishi mizigo mingi hata dereva awe hodari kiasi gani.

Tatizo ni kwamba mara nyingi somo hili huanza na milinganyo ubaoni na kuishia kwenye chumba cha mtihani. Mwanafunzi anaweza kupata alama A bila kujiuliza kwa nini mkulima wa mboga wa milimani, kama kule Mgeta mkoani Morogoro, anaweza kukosa mtandao ilhali mnara hauko mbali, wakati mwenzake wa tambarare aliye mbali zaidi anaongea bila shida. Jibu limo katika somo lilelile. Mlima hukinga mawimbi ya redio, na masafa ya chini, kama ya megahezi 900, hufika mbali kuliko ya megahezi 1,800 kwa nguvu ileile.

Vilevile somo hilo linaeleza kwa nini ujumbe mfupi hupita pale ambapo simu ya sauti inakatika. Maongezi yanahitaji njia iwe wazi muda wote. Ujumbe wa herufi 160 ni mzigo mdogo, tena husubiri kwenye mtambo wa kampuni hadi simu ya mpokeaji ipatikane. Menyu za kutuma fedha nazo zinataka mawasiliano yasikatike hadi mwisho. Yakikatika, mfanyabiashara hajui kama fedha zimekwenda au la. Asiyejua hilo hutuma tena bila kuangalia salio, akajikuta amelipa mara mbili.

Haya si mambo madogo. Huko Kerala, India, mtafiti Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba simu za mkononi zilipowafikia wavuvi, tofauti ya bei kati ya masoko ilipungua, samaki wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mnara mmoja uliowekwa mahali sahihi unaweza kumwongezea mkulima kipato bila kuongeza hata ekari moja.

Wapo watakaosema kwamba hesabu lazima zitangulie. Ni kweli, na hakuna anayetaka zifutwe. Lakini kijiji kisicho na mtandao ni swali la hesabu lililo tayari. Wanafunzi wakati wa mafunzo kwa vitendo wapelekwe vijijini na minadani, wapime nguvu ya mawimbi, wachore ramani ya sehemu zenye mtandao na zisizo nao, kisha matokeo yapelekwe kwa halmashauri, kwa kampuni za simu na kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma pale ambapo kampuni hazioni faida.

Wakulima nao wasikae kusubiri. Vyama vya ushirika viandike ni wapi na saa ngapi mtandao husumbua, kisha viviombe vyuo vilete vijana. Takwimu za namna hiyo zina nguvu kuliko malalamiko ya mkutano wa hadhara.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Wazazi waliouza mahindi yao walikusudia kununua asali.