Mtenda Yuko Wapi?

Washikaji wa kalamu, leo nina ugomvi na nyinyi. Si na polisi, si na wabunge, si na wazee wa baraza. Hao nao zamu yao ipo humu humu. Lakini kwanza ni nyinyi mnaoandika usiku kwenye kaunta buku, mnaotunga michezo ya jukwaani na kuota siku moja itaonyeshwa kwenye tamasha la Bagamoyo mbele ya watu wote. Ugomvi wenyewe ni wa sarufi. Msicheke. Ni juu ya ile kauli ya kutendwa tuliyofundishwa shuleni.

Chukua hadithi yoyote ya kijana wa leo inayomhusu mwanamke aliyeonewa. Binti "amebakwa". Mama "alipigwa". Mwanafunzi "alipata mimba". Dada "ameozeshwa". Ndoa "imevunjika", kama glasi iliyoteleza mezani yenyewe. Machozi yapo, kanga iliyochanika ipo, upepo wa bahari unalia kwa huzuni kwenye minazi. Mtenda yuko wapi? Hayupo! Katoroka kwenye sentensi kabla hata hajatoroka mtaani.

Mtaniambia Kiswahili ndivyo kilivyo, mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, lugha tumeikuta. Sawa. Lakini Kiswahili hicho hicho hakina aibu na mwizi. Pale sokoni Bagamoyo mama akiibiwa ndoo ya samaki, hakuna atakayesema "samaki wameibwa" halafu akanyamaza. Atatajwa mwizi, atatajwa baba yake, itatajwa na rangi ya shati alilovaa. Ila mama yule yule akivunjwa taya nyumbani, lugha inaona haya ghafla: "Aa, wale wamegombana tu." Wamegombana? Ngumi ya mmoja, taya la mwingine, huo ugomvi wa wawili uko wapi?

Watafiti walilijua jambo hili kabla yetu sisi tunaojiita mafundi wa maneno, na hiyo ni fedheha. Mwaka 2001 na 2002 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi nyingi juu ya afya ya wanawake na ukatili wa majumbani. Hapa kwetu ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya, na wataalamu wa Muhimbili walikuwamo. Wadadisi hawakupiga hodi na kuuliza, "Mama, umewahi kufanyiwa ukatili?" Ukimwuliza mtu hivyo atakwambia hapana, maana ukatili ni neno la redioni. Waliuliza kwa vitenzi vya kawaida. Amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke au kukuburuta? Kukukaba? Kukuunguza? Kukutishia kwa silaha? Nyumba moja waliuliza mwanamke mmoja tu, faraghani, wala hawakutangaza mtaani kwamba ni utafiti wa kipigo, asije mtu akapigwa kwa kosa la kujibu.

Angalieni vitenzi hivyo. Vyote vinaanzia kwenye "a" moja ndogo, "amewahi". Hiyo "a" ndiye mtenda! Alipowekwa mahali pake, majibu yakaja. Matokeo yalitolewa mwaka 2005: kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 wa Dar es Salaam na asilimia 56 wa Mbeya walikuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa kitandani na huyo huyo mwenzi. Herufi moja imefanya kazi ambayo mashairi yetu ya machozi hayajaifanya.

Mtu wa Bagamoyo atasema hayo ni ya Dar na Mbeya, huku pwani tuna ustaarabu wetu. Ndugu yangu, kutoka Bunju hadi Mapinga ni nauli ya daladala. Unadhani kipigo kinateremka Bunju na kurudi mjini?

Tena lipo la kuumiza zaidi. Katika utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015 na 2016, watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutojali watoto, au kumnyima unyumba. Waliokubali walau sababu moja walikuwa asilimia 40 ya wanaume. Na wanawake? Asilimia 58! Sasa nani aliwafundisha mama zetu kumtetea anayewapiga? Wengi walifundisha. Na sisi tumo. Kila hadithi ambamo mke mvumilivu anapigwa kurasa ishirini na kwenye ukurasa wa ishirini na moja mume anatubu, akapewa mke pongezi kwa subira yake, ni somo. Tumelifundisha bila mshahara.

Haya, twende kwenye sheria, maana wapo wanaosema haya mambo yameletwa na wafadhili. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Ilipitishwa na Bunge letu wenyewe, miaka kumi baada ya Uhuru. Kifungu chake cha 66 kinasema kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hakuna mtu! Mume yumo, mke yumo, mwenye cheo yumo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema "nyumba ilijengwa" ukaishia hapo. Na nani? Mahakama ikaona kwamba mkono uliopika, ukafua na kulea nao ulishika tofali. Basi mnaona: kauli ya kutendwa haimfichi mpigaji tu. Inamficha na mfanyakazi.

Lakini sheria nayo isijidai safi. Hiyo hiyo ya 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa msichana, ili mradi wazazi wameridhia. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho. "Sheria haikurekebishwa," yaliandikwa. Na nani hakuirekebisha? Mmeona ugonjwa ulivyoenea?

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 nayo ilikuja na kifungo cha miaka 30 kwa mbakaji. Vizuri. Lakini mume anayemlazimisha mkewe haikumhesabu kuwa mbakaji, isipokuwa kama wametengana. Hapo sheria yenyewe imemfungulia mtenda mlango na kumficha chini ya kitanda cha ndoa. Majirani wametunga sheria za pekee juu ya ukatili wa majumbani, Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015. Sisi Bara kesi za namna hiyo tumekuwa tukizibeba kwa Kanuni ya Adhabu na hiyo Sheria ya Ndoa, kama mtu anayekata mbao kwa kisu cha jikoni.

Na hata hicho kisu ni lazima ukifikie. Mwanamke aliyepigwa anakwenda polisi, anachukua PF3, anakwenda nayo hospitali, daktari anaijaza, inarudi polisi. Polisi siku hizi wana madawati ya jinsia na watoto, jambo jema. Hati ya mashtaka inataka nini? Jina la aliyefanya, alichofanya, siku, mahali. Yaani mahakama inadai sentensi iliyokamilika! Kisha siku ya kesi shahidi haji. Ukiuliza unaambiwa, "Tumeyamaliza nyumbani."

Ala! Hapa sasa mtenda amepatikana. "Tu-meyamaliza." Tu nani? Baba wa binti, mjomba, baba wa kijana, mwenyekiti wa kitongoji, labda na fedha kidogo ya kufuta machozi. Mwenye taya lililovunjika hayumo katika hiyo "tu". Amemalizwa pamoja na kesi yake. Kwa lugha yetu basi, mwanamume akipiga hana jina, akisuluhisha anajitaja.

Tazameni na mwanafunzi "aliyepata mimba", kana kwamba aliiokota njiani akitoka shule. Juni 2017 Rais wa wakati ule, John Magufuli, alisimama Chalinze, hapo hapo jirani, akatamka kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Tuwe wakweli, alisema pia kwamba wanaume waliowapa mimba wafungwe miaka 30, na mwaka mmoja nyuma Bunge lilikuwa limeweka adhabu hiyo katika Sheria ya Elimu. Lakini mimba inaonekana kwa macho na mtenda haonekani. Binti alitoka shule siku ile ile tumbo lilipojulikana. Mtenda alisubiri ushahidi. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo serikali ikaruhusu wasichana hao warudi darasani. Hesabuni wenyewe ni wangapi walioishia kuchoma mihogo barabarani wakati wanafunzi wenzao wakifanya mitihani.

Sasa nasikia mzee mmoja anakohoa: "Kijana, hiyo ni mila yetu." Shikamoo mzee. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda hapa hapa Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Humo kuna ndoa, kuna unyago, na kuna watumwa pia. Utumwa nao uliandikwa kati ya desturi, una taratibu zake na adabu zake. Nani leo atasimama pale Caravan Serai, mbele ya watoto wa shule waliokuja kutembea, aseme tuurudishe kwa kuwa ni mila? Mila nyingine tunazipenda na tutazilinda. Ila jambo likiwa na mtu mmoja anayefaidi na mwingine anayelia, usiniambie ni mila kabla hujanitajia anayefaidi.

Na wewe mshairi unayesema "sanaa si mahakama", wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na kitu kikiitwa Punch. Ilikuwa maandishi na michoro ya kubandika ukutani, ya kuchekesha, na ilikuwa na wasomaji wengi kuliko gazeti lako litakavyopata. Waandishi wake hawakujitaja. Walichagua msichana, wakamdhalilisha ukutani kwa jina lake, wengine wakacheka na kumtenga. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa. Yale yalikuwa maandishi, washikaji. Yalikuwa na mtindo, yalikuwa na vichekesho. Jina la msichana lilikuwapo, la mwandishi halikuwapo. Usiniambie maneno hayapigi.

Sisemi muandike jina la jirani yenu. Huo ni umbeya, na mwenye kuumia atakuwa ni yule mama. Nasema mumtie mtenda ndani ya hadithi. Mpeni jina, mpeni kazi, mpeni sauti. Tena msimpe pembe na macho mekundu, huo ni uvivu mwingine. Awe fundi seremala hodari, awe wa kwanza kwenye kuchimba kaburi mtaani, awe na utani mzuri kijiweni, halafu arudi nyumbani na tumwone mkono wake unavyoinuka. Huyo ndiye tunayemjua. Huyo ndiye msomaji atakayemwogopa, maana anafanana na yeye. Kumwandika huyo ni kazi ngumu kuliko kuandika machozi.

Na mwanamke mpeni vitenzi vyake. Kina mama wa Mlingotini wanalima mwani baharini, wanafunga kamba, wanavuna, wanaanika, wanabishana bei. Mtu wa namna hiyo akiingia kwenye hadithi yenu anageuka ghafla kuwa kitu cha kupigwa na kuonewa huruma! Aache kulia kidogo. Ahesabu fedha zake, akatae, aende kuchukua hiyo PF3, akosee, arudi, aende tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata nayo siku moja husema. Rudini kwenye kaunta buku zenu usiku wa leo. Kila penye "alipigwa", "aliozeshwa", "alipata", wekeni kidole na muulize: na nani? Jibu likija, andikeni. Lisipokuja, hadithi bado haijaanza. Mwenye kunibishia alete makala, kurasa hizi ni zetu sote. Sharti moja tu: abishe kwa kauli ya kutenda, na aweke jina lake chini.