Hesabu ya Mtoto Ilikatikia Wapi?

Mwaka 2025 nchi hii ilikuwa na mabishano makubwa juu ya somo la hesabu. Mpango wa shule za sekondari za juu katika mtaala mpya ulikuwa umelifanya somo hilo kuwa la hiari kwa wanafunzi wengi wa Gredi ya 10. Wazazi na wataalamu wakapiga kelele, na mwezi wa Aprili Waziri wa Elimu, Bwana Julius Ogamba, akatangaza kwamba hesabu itakuwa lazima kwa wote, ila wasioshika njia ya sayansi watasoma hesabu nyepesi zaidi. Kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini furaha yangu ilipungua usiku mmoja baada ya sala ya isha, hapa nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, nilipolifungua daftari la mjukuu wangu aliye Gredi ya 4.

Daftari lilikuwa jekundu kwa alama za makosa. Nikaipita hesabu ya kugawanya, nikaipita ya sehemu, nikasimama kwenye hesabu ndogo pembeni: 52 kutoa 17. Alikuwa ameandika 45. Nikamwuliza aliipataje. Akanijibu bila ya wasiwasi, "Babu, mbili haitoki saba, kwa hivyo nimeigeuza, saba nikaitoa mbili."

Ndugu msomaji, jawabu hilo si la mtoto mjinga. Ni la mtoto aliyejitungia kanuni yake kwa sababu ile ya kweli haikumwingia. Na kanuni ile ilitakiwa imwingie akiwa darasa la pili! Kwa miaka miwili amekuwa akipandishwa darasa na ufa wake ndani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kurudishwa wala kuzuiwa darasa, nami siipingi, kwani kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake hakumfundishi kitu. Lakini asiyezuiwa hupaswa kusaidiwa, na mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hana nafasi ya kumwendea kila mmoja alipokwama. Kuanzia 2009 watu wa Uwezo walikuwa wakizunguka majumbani kuwapima watoto wetu, na waliloliona mara kwa mara ni hilo hilo: wengi walio darasa la tatu hawaiwezi kazi ya darasa la pili. Sisi tukabishana juu ya Gredi ya 10.

Ajabu ni kwamba mtoto huyu huyu chuoni hana shida. Amekwisha kuhifadhi zaidi ya nusu ya juzuu ya Amma, kwa hivyo asiniambie mtu kuwa hana akili ya kukumbuka. Tofauti iko wapi? Chuoni kila mtoto ana pahali pake. Huyu yuko sura hii, yule yuko nyingine, hata kama ni marika, na maalimu hampi sura mpya mpaka aisome ile ya jana na kuirejea ya juzi. Shuleni wote huvushwa pamoja, aliyeelewa na asiyeelewa. Shirika la Pratham la huko Bara Hindi limejijengea sifa kwa kuwapanga watoto kwa kile wanachokijua badala ya umri au darasa, na mpango huo umeigwa katika nchi kadhaa za Afrika. Maalimu wetu wa chuo hawakungoja kuambiwa.

Basi nikafanya kama maalimu. Binti yangu hakupendezwa. "Baba, wenzake wagawanya sasa, wewe wamrudisha kwenye kutoa?" Nikamwambia kugawanya ni kutoa kulikorudiwa, na asiyejua kutoa atagawanya nini?

Nilichukua njiti za kibiriti na mipira ya kufungia pesa. Tukafunga mafungu matano ya kumi kumi, na njiti mbili kando. Nikamwambia anipe 17. Akatoa zile mbili, akakwama, akanitazama, kisha akalifungua fungu moja mwenyewe. Sikusema neno. Yakabaki mafungu matatu na njiti tano. Akalichukua daftari, akaikata ile 45.

Katika kazi hiyo niligundua jambo jingine. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali mtoto alipo, lakini vitabu vya hesabu vya mjukuu wangu vimeandikwa kwa Kiingereza tangu Gredi ya 1. Nilipomsomea namba kwa Kiingereza aziandike, ile ya kumi na tatu aliiandika 30, na ya kumi na tano 50, kwani Kiingereza kinazitofautisha kwa mwisho wa neno tu. Katika Kiswahili hakuna wa kukosea baina ya kumi na tatu na thelathini. Tena kumi na tatu chenyewe kinasema: fungu moja la kumi, na njiti tatu. Na hizo thelathini, arobaini, hamsini zinazoonekana ngumu, mtoto aliyehesabu kwa Kiarabu chuoni anazifahamu mara moja. Saa nazo ni kisa kingine, maana saa moja ya nyumbani kitabuni ni saba.

Sasa tunaifanya hesabu kwanza kwa Kiswahili, halafu anaisema kwa Kiingereza, kwa maana mtihani atauandika kwa lugha hiyo. Sehemu tumezianzia jikoni kwa bibi yake: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, basi kibaba ni robo ya pishi. Pishi anaijua tangu zaka ya fitri. Thumni na sudusi amezisikia wazee wakizungumza mirathi, ila hakuna aliyemwambia kuwa ndizo zile 1/8 na 1/6 za kitabuni. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu aliifanya ya masuala ya mirathi.

Hatuzidishi dakika 15, baina ya magharibi na isha. Nilijaribu baada ya isha nikaona analala juu ya daftari. Mtoto huyu ametoka shule, akaenda chuo, akarudi. Kelele pia nimeziacha, ijapokuwa mara mbili nilizipandisha na mara zote mbili hakuna alichokijua siku ile. Nimemwandikia mwalimu wake barua fupi kumweleza tulipo, naye kwa hisani yake amekubali kumpunguzia kazi ya nyumbani mpaka atakapofika walipo wenzake.

Juzi, wiki ya saba, nilimpa 403 kutoa 168, na ile sifuri ya katikati niliitia makusudi. Akaifungua mia kwanza, ndipo akaifungua kumi, akaandika 235. Njiti hakuzigusa. Jedwali la saba na la nane bado.