Tumbo ndilo ushahidi
Ndugu mwandishi, mimi ni muumini wa kanisa Katoliki la Minara Miwili, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na nakubaliana na makala yako kuhusu kutoa mimba: uhai unaanza mimba inapotungwa. Papa Yohane Paulo II aliliandika hilo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae bila kumung'unya maneno. Ila umeipita sheria kimyakimya. Zanzibar tulikuwa na sheria ya 1985 iliyoweza kumfunga jela hadi miaka miwili mwanamke asiyeolewa akipata mimba. Ikaja kubadilishwa 2005, jela ikapisha kazi za jamii. Mfikirie binti wa Ng'ambo miaka ile: tumbo lenyewe ndilo ushahidi. Angelificha wapi? Tulimwambia asitoe, na huku pingu zilimsubiri!

Majirani zangu Waislamu nao wanachukia kutoa mimba (mashekhe wanajadiliana zaidi habari za siku 120 za mwanzo wa mimba), kwa hiyo hapa tunaelewana kuliko watu wa nje wanavyodhani.

Kwa upande wetu Wakatoliki, mapadri na masista waliofika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860 walianza kwa kuuguza wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa utumwani. Basi leo padri akihubiri uhai, mimi namuuliza: parokia ina kitanda, maziwa na nauli ya kliniki kwa huyo binti?