Maksai Hafundishwi kwa Kuvutana

Kiswahili chetu kinapenda sana hatamu. Chama kilishika hatamu, viongozi wa serikali ya wanafunzi nao kila mwaka wanashika hatamu. Nani kati yetu amewahi kuzishika kweli? Kwetu Chunya farasi hamna, maana mbung'o wa mapori yale hawana urafiki naye. Tulicho nacho ni maksai, nira, na kamba inayopita puani. Ila ubishi ni ule ule wa wapanda farasi wa mashindano kule Ulaya: ukaze mkono au uwe mwepesi?

Mimi nasema mwepesi, na nimejifunza kwa hasara.

Likizo ya mwaka wa pili nilimkuta mjomba ana maksai mpya, bado mbishi. Nikapewa kazi ya kutangulia mbele na kamba. Yenyewe ya nailoni, nyembamba. Akisita, navuta. Nikivuta, anakaza shingo. Basi naizungusha mkononi, navuta zaidi. Siku ya nne pua imechanika, nzi wamejaa, na mvua ndiyo kwanza imekolea. Maksai mmoja halimi. Mjomba akakodi plau ya jirani, na hela aliyoniwekea ya nauli ya kurudi chuo ikaishia hapo (boom lenyewe mnalijua). Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, umemfundisha kuvutana."

Na kweli. Mnyama yule ana uzito wa watu watano kama mimi. Kwa nguvu simwezi. Kinachomfanya afuate ni kwamba akipiga hatua, kamba inalegea. Kulegea ndiko jibu lake. Sasa mimi akitii navuta, akigoma navuta. Ajue vipi kipi ni kipi? Farasi naye ni hivyo hivyo: lijamu hukaa kwenye pengo lisilo na meno, juu ya mfupa uliofunikwa na nyama nyembamba tu. Mgiriki Xenophon aliwaonya wapanda farasi wasivute mdomo kwa ukali, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Sisi bado tunazungusha nailoni.

Najua watakaosema wepesi ni anasa. Ukivusha maksai barabara ya Makongolosi na lori linakuja, utaongea nao kwa upole? Hapo vuta, jamani. Vuta mara moja, wakisimama achia. Wala wepesi sio kuiacha kamba iburuzike: ikilegea kabisa kisha ikakazwa ghafla, inapiga pua vibaya kuliko kuvuta. Mshike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Anajua upo, vidole havimuumi.

Wenzangu wa kilimo na mifugo, mkienda mafunzo kwa vitendo msiishie kuhesabu chanjo. Angalieni pua za maksai. Mnyama anayeanza kufundishwa afungwe hatamu ya kichwani ya katani pana, azoeshwe sauti na jina lake kabla ya nira. Inachukua wiki kadhaa, ndiyo. Kidonda nacho kilichukua wiki kadhaa, tena za msimu wa kulima.

Desemba nilirudi. Mjomba anamwita kwa jina tu, anageuka mwenyewe mwisho wa shamba, hakuna mtu mbele. Pua ina kovu. Nikisogea mimi na kamba mkononi, anainua kichwa na kurudi nyuma.